Chai ya moto na saratani ya umio: watafiti wanajuaje? Maswali na majibu

Kwa nini chai inatajwa kwenye habari za saratani huku Kilimanjaro?

Kinachotiliwa shaka ni moto wa chai. Majani yenyewe hayana kesi. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, huonekana kwa wingi kwenye ukanda unaoshuka mashariki mwa Afrika kutoka Ethiopia hadi Afrika Kusini, na Tanzania imo. Ndipo watafiti wakaanza kuuliza watu wa ukanda huu wana mazoea gani.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya upimaji uliofanyika mkoani Kilimanjaro. Watu 188 walipimwa joto la chai wanapoanza kuinywa, na wastani ukawa nyuzi 70.6 za Selsiasi, juu kuliko tafiti zote za nchi nyingine zilizotangulia. Wanywaji wa chai ya maziwa waliinywa ikiwa na moto zaidi kwa karibu nyuzi 2 kuliko wa chai ya rangi, hasa kwa sababu chai ya rangi ilipoa kwa kasi mara mbili. Waliosema wamewahi kuungua ulimi walikuwa asilimia 70 kwa chai ya maziwa na asilimia 39 kwa chai ya rangi.

Basi imethibitika kwamba chai yetu inaleta saratani?

Upimaji huo peke yake haukuthibitisha hilo. Ulipima vikombe, haukuhesabu wagonjwa. Ulichoonyesha ni kwamba kihatarishi kinachoshukiwa kipo hapa, tena kwa kiwango kikubwa. Kujua kama wanaokunywa hivyo ndio wanaougua zaidi kunahitaji utafiti wa aina nyingine.

Si wawaulize tu wagonjwa walikuwa wanakunywa nini?

Wanaulizwa, lakini jibu la mgonjwa peke yake halina maana. Tuseme wagonjwa 80 kati ya 100 wanasema walipenda chai ya moto. Je, ukiwauliza watu 100 wazima wa Moshi, si utapata 80 vilevile? Kwa hiyo kila kundi la wagonjwa huwekewa kundi la kulinganisha: watu wasio na ugonjwa huo, wa umri na jinsia inayokaribiana na yao, wanaotoka maeneo yale yale.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukimchukua ndugu aliyemleta mgonjwa hospitali, huenda wanakunywa kutoka chupa moja ya chai, na tofauti unayoitafuta inapotea. Ukienda nyumba kwa nyumba saa nne asubuhi, wanaume wengi wako kazini au shambani, nawe unarudi na orodha ya wanawake na wazee.

Kosa jingine liko kwenye swali lenyewe. Mtu ambaye umio umeanza kuziba hawezi tena kunywa chai ya moto. Ukimuuliza "unakunywaje chai?" atakujibu "vuguvugu", na utafiti utatoka ukisema chai ya vuguvugu ndiyo mbaya! Swali sahihi ni alikunywaje miaka kadhaa kabla ya dalili kuanza.

Tena kuna sigara na pombe, ambavyo vyote ni vihatarishi vya saratani hii. Ikiwa wanaokunywa chai ya moto sana ndio pia wanaovuta zaidi, chai inaweza kubeba lawama ya sigara. Dawa yake ni kuwalinganisha wasiovuta kwa wasiovuta na wavutaji kwa wavutaji, kisha kutazama kama tofauti ya chai bado ipo.

Kuna njia ya kukwepa matatizo ya kumbukumbu?

Ipo: kuanza na watu wazima wa afya, kuandika mazoea yao, kisha kuwafuatilia miaka. Ni ghali na inataka subira. Huko Golestan, kaskazini mwa Iran, watu 50,045 wa umri wa miaka 40 hadi 75 waliandikishwa kuanzia 2004. Upimaji wao wa joto unastahili kuigwa. Msaili alimimina vikombe viwili kwa pamoja, kimoja akatia kipimajoto. Kikifika nyuzi 75, mshiriki alionja kile kingine na kuulizwa: hivi ndivyo unavyokunywa? Akikataa, walisubiri ishuke nyuzi 5, wakarudia. Neno "moto" kila mtu ana lake. Namba haina ubishi.

Matokeo ya 2019: waliokunywa mililita 700 au zaidi kwa siku, ikiwa nyuzi 60 au zaidi, walikuwa na hatari kubwa kwa takribani asilimia 90 kuliko waliokunywa kidogo na ikiwa imepoa zaidi.

Asilimia 90! Yaani watu 90 kati ya 100 wataugua?

La. Katika watu wote wa Golestan, kwa takribani miaka 10, waliopata saratani hiyo walikuwa 317, kama 6 kwa kila 1,000. Tuseme wanywaji wa vuguvugu wanaougua ni 5 kwa 1,000. Ongezeko la asilimia 90 linawafikisha kati ya 9 na 10. Hatari ni ya kweli, na bado wengi hawaugui. Ukisoma asilimia ya ongezeko gazetini, uliza kwanza: ya ngapi?

Ninywe chai vipi?

Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Shuka chini ya hapo. Vikombe viwili vya chai ya nyuzi 80, ukichanganya na kimoja cha maziwa yaliyochemshwa yakapoa hadi 20, vinakupa nyuzi 60. Au acha kikombe wazi usubiri, na chai ya maziwa uisubiri zaidi. Ikikuunguza ulimi, bado.

Dalili zipi zisisubiri?

Chakula kukwama: kwanza nyama na ugali, baadaye uji, mwisho hata maji. Kupungua uzito bila sababu. Ugali ukianza kukwama mara kwa mara, nenda hospitali ukapimwe umio kwa kamera. Wengi hufika wakati hata uji haupiti, na hapo tiba imebaki na nafasi ndogo.