Kelele Haziangushi Theluji: Dhana Potofu kuhusu Hatari za Mlimani

Asubuhi za masika, mawingu yanapoachana na Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, kuonekana kutoka Moshi kikiwa cheupe, mazungumzo kuhusu theluji huanza upya mjini, na pamoja nayo hurudi imani ambazo zinaweza kumgharimu mtu maisha.

Iliyoenea zaidi, hata miongoni mwa vijana wanaojifunza kuongoza wapandaji, ni kwamba ukipiga kelele theluji itaporomoka. Sauti ya binadamu haina nguvu hiyo. Kinachoangusha theluji ni uzito. Theluji hulala kwa matabaka, na katika milima yenye majira ya baridi kali, kama Alps ya Ulaya, tabaka la chini laweza kugeuka punje zisizoshikana, huku upepo ukijenga juu yake tabaka gumu. Fikiria ubao mpana uliolazwa juu ya mahindi makavu kwenye mteremko: utakaa siku nyingi bila kusogea, lakini mtu mmoja akiukanyaga mahali pabaya, wote huteleza pamoja naye. Ndiyo maana katika ajali nyingi za vifo, poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45.

Vilevile, anga kutakata si dalili ya usalama. Siku ya kwanza baada ya theluji nyingi au upepo mkali ni ya hatari mno, na mlio mzito chini ya nyayo, au ufa unaokimbia mbele ya buti, unatosha kumrudisha mtu alikotoka.

Dhana inayonisikitisha kuliko zote ni kwamba theluji ni laini kama pamba, hivyo aliyefukiwa atajifukua. Poromoko likisimama, theluji hukaza kama zege, na wengi hufa kwa kukosa hewa. Anayetolewa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa ya kuishi. Nusu saa ikipita, nafasi hiyo imeshapungua sana. Mara nyingi waokoaji kutoka mbali hufika wakiwa wamechelewa, kwa hiyo katika milima kama Alps kila mtu katika msafara anapaswa kubeba kifaa cha redio cha kutafutana, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na beleshi.

Kwa kuwa maporomoko ya namna hiyo ni nadra kwenye njia za kawaida za Kilimanjaro, wapo wanaohitimisha kwamba mlima wetu hauna cha kuporomoka. Lakini Januari 2006, wapandaji 3 kutoka Marekani waliuawa na mawe katika njia ya Western Breach. Huko juu barafu ndiyo inayoyashika mawe, na jua likiipiga huyaachia. Mgeni anayelalamika kuamshwa usiku wa manane, ili apite hapo kabla ya jua kuchomoza, aelezwe hilo kwa upole. Kofia ngumu nazo zitolewe kwa wagumu, yaani wapagazi, pia, si kwa wageni pekee, kwa sababu wao ndio wanaopita chini ya mwamba huo mara nyingi zaidi, tena wakiwa na mizigo.