Ovadraivu na distoshoni: zinatofautiana wapi, na ipi ya bei nafuu ikufae

Ovadraivu na distoshoni ni pedali za kutia ukali kwenye sauti ya gitaa la umeme, maana gitaa lenyewe halina ukali wowote. Nyuzi zikitetema juu ya pikapu, ile sumaku yenye koili iliyo chini yake, hutoa umeme mdogo, aghalabu usiofika hata volti moja, na ampu, yaani mashine ya kukuza sauti, ikiukuza ulivyo utasikia sauti safi, ile ile ya rumba na chakacha zinazopigwa kwenye hoteli za Malindi. Ukali huja pale chombo kinapotakiwa kutoa zaidi ya uwezo wake. Wimbi la sauti linapanda, linafika kikomo, na kichwa chake kinakatwa. Kukatwa huko kunazaa sauti nyingine juu ya ile uliyoipiga, noti za ziada ambazo vidole havikuzigusa. Sikio linazipokea kama joto, mkwaruzo au hasira, kutegemea kichwa kimekatwa vipi.

Mwanzoni hii ilikuwa hitilafu tu. Wapiga gitaa wa Marekani na Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960 waliipata kwa kufungua hadi mwisho ampu za valvu, zile za taa za kioo za kizamani, au kwa kuharibu spika makusudi. Dave Davies wa The Kinks, bendi ya Uingereza, alichana karatasi ya spika yake kwa wembe mwaka 1964. Pedali ni hitilafu hiyo hiyo iliyotiwa ndani ya kasha la kukanyaga kwa mguu, uiwashe na kuizima upendavyo bila kuamsha mtaa mzima.

Ovadraivu na distoshoni, basi, zote ni ukataji. Kinachozitenga ni namna ya kukata. Fundi wa majahazi akipitisha randa kwenye kona ya ubao, kona inalainika na ubao unabaki na umbo lake. Akipitisha msumeno, kona inaondoka yote na panabaki makali. Ovadraivu ni randa, distoshoni ni msumeno. Jina lililoandikwa juu ya kasha si la kuaminiwa sana, maana watengenezaji huandika wapendavyo. La kutazama ni diodi zimekaa wapi, vile vipuri vidogo vinavyofunguka umeme ukifika kimo fulani na kuukata.

Chukua Tube Screamer ya Ibanez, ile ya kijani iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970, mama wa ovadraivu nyingi zinazouzwa leo. Ndani yake mna chipu ya kukuza sauti, na diodi zimewekwa kwenye njia inayorudisha sehemu ya sauti iliyotoka kwenye chipu hadi mlango wake wa kuingilia. Ukipiga kwa upole, diodi zimelala. Ukikaza mkono, umeme unapofika karibu volti 0.6 diodi zinafunguka, na chipu inapunguza kukuza badala ya kukwama ghafla. Wimbi la asili linaendelea kupita juu ya lile lililokatwa. Ndiyo maana ovadraivu inasikiliza mkono wako: gusa nyuzi kidogo, sauti inasafika, zikung'ute, inaanza kukwaruza. Nobu ya draivu, ile ya kuongeza ukali, inabadilisha ukuzaji kutoka kama mara 12 hadi mara 118, kwa hiyo hata ukiirudisha hadi sifuri pedali haijanyamaza, bado inasukuma. Tena hupunguza besi kabla ya kukata, na kuacha nundu kwenye sauti za kati, karibu na 720 Hz, yaani mitetemo 720 kwa sekunde. Kumbuka hiyo nundu, tutaihitaji.

DS-1 ya Boss, ile ya rangi ya machungwa iliyotoka mwaka 1978, inafanya kazi kwa njia nyingine. Chipu inakuza kwanza, kisha diodi zinasubiri nje, zimeelekezwa kwenye waya wa ardhi wa saketi. Kila kinachozidi kimo chao kinamwagwa chini. Wimbi linatoka na kichwa bapa, upige kwa nguvu au kwa upole tofauti ni ndogo, na noti inadumu muda mrefu kwa sababu mkia wake umekuzwa sawa na mwanzo wake. Sauti za kati zimebonyea, besi na trebo (sauti za juu) zimesimama. RAT ya ProCo, ya miaka hiyo hiyo, inakata kwa njia hii pia, lakini katikati yake ni nzito zaidi, na nobu yake ya filta huenda kinyume na ulivyozoea: ukiizungusha kulia trebo inapungua. Nimeona mtu akiizungusha mpaka mwisho akitafuta ukali, akaishia kulaumu nyaya.

SD-1, ya njano, Boss waliitoa mwaka 1981. Ni ovadraivu, ila diodi zake hazilingani: upande mmoja wa wimbi unakatwa mapema kuliko mwingine. Watu wengi huisikia kama sauti yenye nyama zaidi. Kwa anayenunua pedali yake ya kwanza, mimi ningeanzia hapo. Fazi, aina nyingine ya pedali ya ukali, ni ukoo mwingine kabisa, tuuache. Metal Zone ya Boss, ya mwaka 1991, nayo ina geini (ukuzaji) ya kutisha na nobu nyingi za kurekebisha sauti. Kuipata sauti nzuri ndani yake kunataka subira ambayo vijana wengi hawana.

Sasa swali la kijana yeyote wa hapa Malindi anayeshika gitaa kanisani au kwenye bendi ya hoteli ni moja: "Mzee, nichukue ya kijani au ya machungwa?" Jibu ni swali: utaichomeka wapi?

Tube Screamer haikubuniwa kusimama peke yake. Wapigaji wanaoisifu wana ampu ya valvu nyuma yake. Wanaweka draivu chini, wanapandisha sauti ya kutoka, na pedali inasukuma ampu hadi ampu yenyewe ianze kukwaruza. Ile nundu ya sauti za kati inajaza pengo ambalo ampu nyingi za aina ya Fender, kampuni ya Marekani, zinalo. Sasa ichomeke kwenye ampu ya kinanda, safi, isiyo na valvu hata moja: nundu inabaki uchi, na utaambiwa gitaa lako linaongea puani. Pedali ni nzima, imekosa mwenzake tu. Hapo SD-1 nayo inapungukiwa, ila DS-1 au RAT hujitegemea zaidi, kwa sababu ukataji wote unamalizika ndani ya kasha.

Na wengi hapa hawana hata ampu. Gitaa linaenda moja kwa moja kwenye miksa, na miksa kwenye spika za ukumbi. Hapo ndipo pedali zote, ghali na rahisi, huaibika. Spika ya gitaa ya inchi 12 haipitishi mengi juu ya 5,000 Hz. Ni ungo unaochuja mikwaruzo ya juu, na pedali zote zimebuniwa zikitegemea kwamba ungo huo upo. Spika za ukumbi zina twita, spika ndogo ya sauti za juu, inayotoa kila kitu. Fundi wa sauti atapunguza trebo kwenye miksa, lakini mara nyingi nobu hiyo imewekwa kwenye 12,000 Hz, na uchafu mwingi uko chini ya hapo. Kinachotakiwa ni kifaa cha kuiga ampu na spika, kikae baada ya pedali. Joyo wana American Sound, kasha dogo la bei nafuu linaloiga ampu ya Fender. Behringer wana GI100, kisanduku cha kuunganishia gitaa na miksa chenye uigaji wa spika ndani. Mtu mwenye hela ya kitu kimoja tu, na anayejua kwamba mwisho wa waya wake ni miksa, ningemshauri anunue American Sound, apandishe draivu yake, na pedali ya ukali isubiri mwezi mwingine.

Kuhusu nakala: saketi ya Tube Screamer ni nyepesi, vipuri vyake ni vichache na vya senti. Kwa hiyo TO800 ya Behringer au Vintage Overdrive ya Joyo zinakaribia sana ile asili, na mtu aliye upande wa pili wa ukumbi hatajua. Palipobanwa gharama ni kasha na swichi. TO800 ni ya plastiki. Joyo ni ya chuma. Pedali inayokaa chumbani, plastiki haina shida. Pedali inayobebwa kwenye bodaboda kutoka Maweni hadi Casuarina kila wikendi, ongeza hela upate chuma. Na kwa hewa ya chumvi ya mwambao, jeki (tundu za kuchomekea waya) na vibano vya betri hushika kutu upesi, basi vitazame kwanza ukinunua cha mitumba: chomeka waya, uzungushe taratibu, usikilize kama sauti inakatika.

Jambo moja linalowashangaza wapigaji wa rumba ni kwamba kodi zao nzuri, noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinageuka uji mara tu distoshoni inapowaka. Sababu ni hesabu. Noti mbili zikikatwa pamoja zinazaa ya tatu, ambayo ni tofauti ya mitetemo yao. Piga A ya 110 Hz na E ya 165: tofauti ni 55, ambayo ni A nyingine, oktava moja chini. Sauti inanenepa, ndiyo maana wapiga roki hupenda noti hizo mbili tu. Lakini piga A hiyo na C#, ambayo kwa gitaa la kawaida iko karibu 138.6: tofauti ni 28.6, wakati A ya oktava mbili chini ni 27.5. Haziendani, zinagombana, na kodi kamili ina magomvi kama hayo mengi kwa wakati mmoja. Mpigaji wa noti mbilimbili zilizoachana kwa hatua ya tatu au ya sita ya skeli, kama magitaa yetu yanavyosemezana, abaki na ovadraivu, draivu chini ya robo, na apunguze volyumu ya gitaa lenyewe kidogo.

Umeme wa kuziendesha: karibu zote hizi ni volti 9, na ncha ya katikati ya adapta iwe hasi. Adapta ya ruta ya nyumbani, ambayo kila mtu anakimbilia kuiazima, kwa kawaida ni volti 12 na katikati ni chanya. Pedali yenye kinga itakataa kuwaka. Isiyo nayo inaungua. Betri si wazo baya, hasa palipo na mazoea ya umeme kukatika, kwani ovadraivu ya aina hii hula miliampia 10 au chini. Ila chomoa waya wa gitaa ukimaliza kupiga. Jeki ya kuingizia ndiyo swichi ya betri, na waya ukilala humo usiku kucha, asubuhi utakuta betri imekwenda.