Hulipwi kwa kuwa na msitu

Wiki iliyopita sokoni Hoima, magharibi mwa Uganda, mzee mmoja alinishika mkono. "Mwanangu, babu yangu aliniachia ekari sita za msitu. Pesa zangu za kaboni ziko wapi?" Nimechoka na swali hili. Mzee hana kosa. Wanaonikasirisha ni wanaozunguka vijijini wakisema mwenye mti ana hela.

Pesa za kaboni hutolewa ili kupunguza hewa ya ukaa angani, ambayo miti huinyonya. Lakini anayezitoa, yaani mnunuzi, halipii mti kusimama. Analipia tofauti: miti iliyobaki, ukitoa ambayo ingebaki hata bila pesa yake.

Kati ya 2011 na 2013, hapa Hoima na Kibaale, wenye misitu katika vijiji 60 waliahidiwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka wasipokata. Vijiji 61 vya kulinganishia havikupewa kitu. Vijiji vya mradi vilipoteza asilimia 4.2 ya miti, vile vingine 9.1. Kila nikitaja hesabu hii kuna anayeruka: "Kumbe walilipwa na bado wakakata!" Ndiyo, kijiji kilikata. Lakini wenye misitu waliojiunga walikuwa asilimia 32 tu, na shoka la asiyejiunga limo katika ile 4.2. Msitu wetu uko katika mashamba ya watu binafsi, kila mmoja na karo zake za kulipa, kila mmoja na mchoma mkaa anayebisha hodi. Kupunguza ukataji hadi chini ya nusu katika hali hiyo ni kazi kubwa, na nitaitetea popote.

Kupanda miti ni habari nyingine. Huko malipo huja kwa awamu, baada ya ukaguzi, na ukikosa miti hupati awamu inayofuata.

Kinachoninyima usingizi ni hiki: hesabu ya tofauti inamdhulumu mwaminifu. Aliyelinda msitu maisha yake yote, ambaye hata bila pesa asingekata, hana tofauti ya kuuza. Jirani aliyekwisha kunoa msumeno anayo. Na mama anayeokota kuni katika msitu wa mwingine? Mkataba husainiwa na mwenye ardhi. Mama huyo anafungiwa njia na hapati hata shilingi. Nimekaa katika mikutano mingi kuhusu hili na sijasikia jibu linaloniridhisha.

Nilimuuliza mzee ameona visiki vipya vingapi kwa majirani mwaka huu. Akaanza kuhesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza upya.