Je, wajua kwamba "dirt" ya Kiingereza haikuanza na udongo?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba neno la Kiingereza "dirt" lilianza na maana ya udongo, kisha, kwa kuwa udongo huchafua mikono na nguo, likapata maana ya uchafu. Dhana hiyo inashawishi, hasa kwetu tuliofundishwa kwamba "dirt road" ni barabara ya vumbi, lakini mambo yalikwenda kinyume. Neno lilianza na kinyesi, likaenea hadi kwenye matope na uchafu wa kila namna, na maana ya udongo mtupu, ambayo Wamarekani huitumia sana, ikaja baadaye. Kwa hiyo uchafu ndio ulioupa udongo jina.

Chanzo chake ni "drit", yaani kinyesi, katika lugha ya watu wa Skandinavia walioanza kulowea mashariki na kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 9.

Lakini "drit" iligeukaje kuwa "dirt"? Sauti ya r haitulii mahali pake, kwani mlio wake hupenya katika irabu iliyo jirani. Dondosha tone la wino kwenye kitambaa kilicholowa: doa utaliona, ila utashindwa kuonyesha hasa tone lilipoangukia. Ndivyo inavyomtokea msikilizaji, na zaidi mtoto anayejifunza kusema, ambaye husikia r na i zimechanganyikana, akalazimika kuamua mwenyewe ipi itangulie. Wengi wakiamua vivyo hivyo, umbo jipya ndilo linalorithiwa. Alama ya jambo hilo bado inaonekana katika "three" na "third", tatu na ya tatu: katika la kwanza r iko kabla ya irabu, katika la pili iko baada yake, ingawa zamani "third" ilikuwa "thridda". Hata "bird", ndege, iliwahi kuwa "brid", kinda.

Maelezo haya ya uchafu kugeuka udongo yasihamishiwe kwenye "soil", ambayo nayo humaanisha udongo na pia kuchafua. Hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati: nomino ya udongo inahusishwa na "solum" ya Kilatini, ilhali kitenzi cha kuchafua kilitoka kwenye "soillier" ya Kifaransa cha kale, ambacho wataalamu wengi hukihusisha na dimbwi la kugaagaa nguruwe, ingawa hawajaafikiana kuhusu mzizi wake wa Kilatini.

"Dirt" yenyewe iliendelea kusafiri. Katika karne ya 19 wachimba dhahabu wa Marekani waliuita udongo wenye madini ya kutosha "pay dirt", udongo unaolipa.