Ukikamatwa: yanayosemwa vijijini Mtwara na Lindi, na sheria inavyosema

Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi, habari za kangomba, yaani ununuzi haramu wa korosho nje ya mfumo rasmi, zinaanza upya. Kijana anasimamishwa njiani na magunia mawili ya korosho kwenye pikipiki, anapelekwa kituoni, na kabla jua halijazama nyumbani wameshaanza kuchangishana hela. Hakuna aliyeuliza anatuhumiwa kosa gani. Hakuna aliyeuliza kama ameshaandikisha maelezo. Inatafutwa hela tu. Nimeona familia zikiumia zaidi kwa yale zinayoyaamini kuhusu polisi na mahakama kuliko kwa kosa lenyewe, na ndiyo maana ninaandika haya.

"Katolewa kwa dhamana ya laki moja"

Dhamana ya polisi hailipiwi. Mdhamini anafika na kitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, anasaini kwamba mtuhumiwa atarudi siku aliyopangiwa. Kiasi kinachoandikwa kwenye hati ya dhamana ni ahadi: kinadaiwa pale tu mtuhumiwa akitoroka. Anayeombwa hela kaunta aombe risiti, na hatapewa, kwa sababu malipo hayo hayamo kwenye sheria.

Wengine wanaamini kwamba ukikamatwa Ijumaa hakuna dhamana mpaka Jumatatu. Si kweli. Anayesubiri Jumatatu ni hakimu. Mkuu wa kituo ana mamlaka ya kutoa dhamana siku yoyote. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema kwamba aliyekamatwa bila hati, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alichunguze shauri lake na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa kubwa. Hapo napo watu hukosea kwa upande wa pili, wakidhani saa 24 zikipita mlango unafunguliwa kwa kila mtu. Mwenye tuhuma ya mauaji au unyang'anyi wa kutumia silaha hana dhamana, hata mahakamani.

"Bila hati hawanikamati"

Wanakukamata. Kwa makosa mengi, wizi ukiwemo, polisi mwenye sababu za msingi za kukushuku hahitaji hati ya mahakama. Usimsukume wala usikimbie, maana kupinga kukamatwa ni kosa jingine. Muulize kwa sauti ya kawaida: nakamatwa kwa kosa gani? Anatakiwa akujibu. Mgambo au raia aliyekukamata anatakiwa akukabidhi polisi bila kuchelewa. Kukufungia siku mbili kwenye stoo ya ofisi ya kijiji hakumo kwenye mamlaka yake.

"Ukinyamaza umekiri"

Si kweli. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kesi nyingi hushindwa au hushinda kwenye karatasi inayoitwa maelezo ya onyo.

Afande anauliza, wewe unajibu, yeye anaandika. Mwisho anakusogezea karatasi uweke saini au dole gumba. Kabla ya swali la kwanza anatakiwa akuonye kwamba hulazimiki kujibu lolote isipokuwa jina na anwani yako, na kwamba utakachosema kinaweza kutumika kama ushahidi. Anatakiwa akueleze kosa kwa lugha unayoielewa. Bibi wa Kitangari anayesikia Kimakonde tu ana haki ya kuelezwa kwa Kimakonde. Una haki pia ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Ambaye hana uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na anayehudumia bure.

Kumbuka saa uliyokamatwa, maana muda wa kuhojiwa unahesabiwa kuanzia hapo. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa nne, unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu hadi saa nane zaidi, na muda wa safari kutoka kijijini hadi kituoni hauhesabiwi. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila kibali yanaweza kukataliwa na mahakama.

Usomewe ulichosema kabla ya kuweka dole. Kama pameandikwa "niliiba" na wewe ulisema "niliokota", sema lirekebishwe. Na kama ulipigwa, ulitishwa, au uliahidiwa "sema tu, utalala kwako", mweleze hakimu siku ya kwanza unayosimama mbele yake, kisha yapinge maelezo hayo pale upande wa mashtaka unapoomba yapokelewe. Ukipinga, ni juu yao kuthibitisha kwamba ulisema kwa hiari. Ukisubiri rufaa umechelewa.

"Kijana kakimbia, mama yake alale ndani"

Hapana. Kosa la jinai ni la aliyelitenda. Mzazi au mke anaweza kuhojiwa kama shahidi, hawezi kuwekwa rehani.

"Mlalamikaji kasamehe, kesi imekwisha"

Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, na wa kuiondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa ugomvi mdogo wa kupigana mahakama yenyewe inaweza kuhimiza mpatane. Lakini kumbaka mtoto, kosa ambalo adhabu yake huanzia miaka 30 jela, hakumalizwi kwa vikao vya wazee wala kwa mahari, na ninawasihi wanaokaa kwenye vikao hivyo waache. Wanamwacha mtoto peke yake.

"Kubali tu, yaishe"

Ushauri huu unatolewa kwa huruma na umewafunga wengi. Ukikiri mahakamani unatiwa hatiani hapo hapo, na rufaa unayobaki nayo ni ya adhabu tu: kama ni kubwa mno au si halali. Katiba, ibara ya 13, inasema mtu hahesabiwi kuwa na kosa mpaka ithibitike, na kwa kukiri unauondolea upande wa mashtaka kazi yote hiyo. Omba hati ya mashtaka isomwe tena polepole. Kama ulimpiga mtu kwa sababu alikuvamia na panga, usijibu "ni kweli" ukanyamaza. Sema yote: "Nilimpiga, lakini alinivamia na panga." Jibu la namna hiyo hakimu anatakiwa aliandike kuwa umekana kosa, na Jamhuri ilete mashahidi wake.