Kuganda kwa damu, na kinachotokea pale kunapoharibika

Mvulana ametahiriwa Ijumaa, na mpaka Jumapili kidonda bado kinachuruzika. Mjomba anamlaumu ngariba, bibi anataja watu wenye jicho baya, na viganja vya mtoto vinazidi kupauka. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki hapo ndipo tatizo la kuganda kwa damu hujulikana kwa mara ya kwanza: jandoni, kwenye kung'oa jino, au mtoto anapokatwa kimeo, mila ambayo ingefaa iachwe hata kwa mtoto ambaye damu yake haina kasoro yoyote.

Kuganda kwa damu ni uwezo wa damu kuacha umajimaji wake na kuwa donge pale mshipa unapopasuka, ili isiendelee kumwagika. Hiyo ni nusu ya maana. Nusu ya pili ni kwamba damu ibaki majimaji kila mahali pengine mwilini. Mwili wenye afya huyafanya yote mawili kwa wakati mmoja, na magonjwa ya eneo hili hutokea upande mmoja unaposhindwa. Ama damu haigandi palipotakiwa, ama inaganda pasipotakiwa.

Kazi huanza sekunde chache baada ya jeraha. Mshipa hujibana. Chembe sahani, ambazo mtu mzima huwa nazo 150,000 hadi 450,000 katika kila mikrolita ya damu, hunata kwenye ukuta uliochanika na kushikana zenyewe kwa zenyewe. Protini inayozinatisha pale huitwa kigandishi cha von Willebrand. Kizibo hicho cha kwanza ni laini, hakidumu. Ndipo protini nyingine zilizomo kwenye plazma (sehemu ya majimaji ya damu), yaani vigandishi, huamshana kimoja baada ya kingine. Vimepewa namba za Kirumi kuanzia I hadi XIII, na VI haimo. Usiumize kichwa kuitafuta. Mwishoni protini iitwayo thrombini huigeuza fibrinojeni iliyoyeyuka katika damu kuwa nyuzi za fibrini, nazo hujisuka kama wavu wa dagaa na kunasa chembe nyekundu. Hilo ndilo donge. Mshipa ukipona, kimeng'enya kiitwacho plazmini hulikatakata.

Vigandishi vingi hutengenezwa na ini, na vinne kati yake (II, VII, IX na X) havifanyi kazi bila vitamini K. Kwa hiyo mtu ambaye ini lake limesinyaa kwa homa ya ini au pombe huvuja damu kirahisi. Mtoto mchanga naye huzaliwa na akiba ndogo mno ya vitamini hiyo, na sindano anayochomwa pajani baada ya kuzaliwa ni ya kumkinga asivuje damu, hasa kwenye ubongo.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho aangalie kipimo cha dakika 20 kinachotumika kwa walioumwa na nyoka. Mililita 2 hivi za damu huwekwa kwenye chupa safi na kavu, huachwa bila kuguswa kwa dakika 20, kisha chupa huinamishwa. Damu ikitiririka bado majimaji, sumu imeingia kazini. Chupa lazima iwe ya kioo, kwa sababu kioo chenyewe huamsha vigandishi. Ukitumia plastiki unaweza kudanganyika. Kipimo hakihitaji umeme wala maabara, na hicho ndicho kinachokifanya kiwe cha thamani katika zahanati za kaskazini mwa Kenya, ambako yuko nyoka mdogo wa jangwani wa jamii ya Echis.

Sumu ya nyoka huyo haizuii damu kuganda. Inaigandisha, tena kila mahali, vijidonge vidogo vidogo, mpaka fibrinojeni yote imekwisha, na mgonjwa anabaki akivuja kwenye fizi na kwenye tundu la sindano. Hali ya kufanana na hiyo humpata mama ambaye kondo limejitenga kabla ya mtoto kutoka, au mgonjwa ambaye vijidudu vimesambaa kwenye damu. Mtu mmoja, saa hiyo hiyo, anaganda na anavuja. Kwa aliyeumwa na nyoka, kumwongezea plazma bila kumpa kwanza dawa ya kuzima sumu ni kuipa sumu chakula zaidi.

Katika magonjwa ya kuvuja, linalojulikana zaidi ni hemofilia. Hemofilia A ni upungufu wa kigandishi VIII na humpata takriban mvulana 1 kati ya kila 5,000 wanaozaliwa. Hemofilia B ni upungufu wa kigandishi IX, nayo ni adimu zaidi. Wengi hudhani mwenye hemofilia akikwaruzwa tu damu itamwisha. Sivyo. Chembe sahani zake ni nzima, kwa hiyo mkwaruzo mdogo huziba. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko ya mwingine. Inatoka kwa muda mrefu, na hatari kubwa iko ndani: kwenye magoti, viwiko na vifundo vya miguu, kwenye misuli, na kwenye ubongo. Goti linalovimba mara kwa mara bila kuanguka, likatibiwa kama baridi yabisi miaka na miaka, huishia kukakamaa.

Jeni zake ziko kwenye kromosomu ya X. Mama mbebaji, yaani aliye na jeni yenye kasoro kwenye X moja kati ya zake mbili, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kumrithisha kila mtoto wa kiume ugonjwa, na kila binti ubebaji. Baba mgonjwa hawarithishi wanawe wa kiume, ila binti zake wote huwa wabebaji. Hata hivyo takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana historia yoyote kwenye ukoo, kwa kuwa badiliko la jeni limetokea upya. Laiti wakwe wanaomrudisha mama kwao kwa sababu ya "damu mbaya" wangelijua hilo.

Tiba ni kumchoma kigandishi kinachokosekana. Kigandishi VIII hupungua kwa nusu katika saa 12 hivi, kwa hiyo dozi hurudiwa, na bei yake ni kubwa. Sehemu kubwa ya kinachofika Tanzania na Kenya ni msaada kupitia Shirikisho la Dunia la Hemofilia. Kwa maumivu, parasetamoli inafaa. Aspirini na diklofenaki hazifai, na sindano ya kwenye msuli ni ya kuepukwa.

Ugonjwa wa von Willebrand una wagonjwa wengi kuliko hemofilia, lakini hauna umaarufu wake. Erik von Willebrand aliueleza mwaka 1926 baada ya kuchunguza familia moja ya visiwa vya Åland, Finland, ambamo binti alikufa kwa damu ya hedhi akiwa kijana mdogo. Hupata wanawake na wanaume, ila wanawake ndio huumia zaidi, kwa kuwa hedhi nzito huchukuliwa kuwa kawaida ya ukoo: mama alikuwa hivyo, bibi alikuwa hivyo. Pedi inayojaa kila saa si kawaida ya mtu yeyote.

Upande wa pili ni thrombosi, yaani damu kuganda ndani ya mshipa pasipotakiwa. Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, anahusishwa na sababu tatu: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Safari ya saa 4 au zaidi, iwe kwa ndege au basi, huongeza hatari takriban mara mbili, lakini kwa mtu mzima wa afya hatari hiyo bado ni ndogo. Cha kuogopwa zaidi ni wiki 6 baada ya kujifungua, kulala kitandani baada ya upasuaji, saratani, selimundu, na VVU au kifua kikuu. Dalili ni mguu mmoja kuvimba, kuuma na kuwa wa moto. Usiuchue kwa mafuta: donge likichomoka huenda kwenye mapafu, na pumzi hukatika ghafla. Donge kwenye ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ni jambo jingine. Hilo huleta kiharusi au shambulio la moyo.

Dawa za heparini na warfarini huzuia donge lisikue, na mwili hulimaliza wenyewe. Warfarini hufanya kazi kwa kuzuia vitamini K, ndiyo maana mchicha, kisamvu na matembele huingia kwenye hesabu ya dozi. Mgonjwa haambiwi aache mboga. Anaambiwa asile nyingi wiki hii na kukosa kabisa wiki ijayo. Kipimo chake, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, huitwa INR, na kwa wengi lengo ni kati ya 2 na 3. Mjamzito kwa kawaida hapewi warfarini kwa sababu huweza kumdhuru mtoto tumboni, hupewa heparini.