Akina mama wa Kigiriki Marekani hawakuoka keki tu

Wengi hudhani wanawake wahamiaji wa Kigiriki kule Marekani walilitumikia kanisa kwa kuoka tu. Sivyo kabisa. Keki ilikuwa njia ya kuchangisha fedha. Chama chao, Philoptochos, yaani "rafiki wa maskini", kilianzishwa 1931 na Askofu Mkuu Athenagoras, kiongozi wa Kanisa la Orthodox la Kigiriki Marekani, uchumi ukiwa umeporomoka na familia nyingi hazina kazi.

Chukua vasilopita, keki ya Mwaka Mpya. Ndani yake hutiwa sarafu ya bahati kwa atakayeipata, nayo hufungwa kwa foili kwanza. Isipofungwa, uchafu wake huingia kwenye keki. Kipande cha kwanza ni cha Kristo, na maskini naye hutengewa chake. Michango inayokusanywa keki inapokatwa hupelekwa St. Basil Academy, Garrison, New York, makao ya watoto yaliyoanzishwa 1944.